Mama Amekwenda Fes

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso vizuri, Widadi alisuuza glasi za chai. Alizisuuza, akazipanga kwenye sinia la shaba, akachambua majani ya mnanaa na kuyaweka pembeni. Birika lilikuwa halishuki jikoni. Alijua kwamba kabla ya adhuhuri glasi zote zitakuwa zimechafuka, naye atazisuuza tena, na kabla ya magharibi atazisuuza mara nyingine.

Mama yake, Batuli, alikuwa ameteleza kwenye ngazi ya darini, paa tambarare la kuanikia, akiwa amebeba nguo zilizokauka. Mguu ukavunjika. Sasa alikuwa amelazwa chumba cha juu, upande wa nyuma, mguu umefungwa plasta nzito kama gogo. Alikuwa mshonaji wa vifungo vya hariri, vile vya kanzu, kama walivyo wanawake wengi wa mji wa Sefru. Mikono yake ilikuwa mizima, basi alishona hapo hapo kitandani. Baba alikuwa kwenye kazi ya ujenzi huko Tanja na hakuwa na ruhusa mpaka mwisho wa mwezi. Shule ilikuwa imefungwa. Nyumba nzima ikawa mikononi mwa Widadi, msichana wa miaka kumi na miwili.

Kazi za nyumba hazikumchosha sana. Waliomchosha ni wageni.

Huko Sefru, mgonjwa haachwi peke yake. Atakuja jirani wa kulia, atakuja wa kushoto, atakuja na yule aliyehama mtaa zamani. Kila mmoja analeta pande la sukari lililofungwa kwa karatasi ya buluu, na kila mmoja lazima anywe chai. Tena si chai ya kumimina tu. Ni ya kuchemsha, kuonja, kurudisha kwenye birika, na kumimina kutoka juu mpaka ifanye povu.

Aliyemkera kuliko wote alikuwa Bi Mahjuba, mjane wa nyumba ya pili. Aligonga mlango kwa pete yake, ko-ko-ko, kila siku, wakati mwingine mara mbili. Na kila alipoingia alisema maneno yale yale:

"Usijisumbue, mwanangu. Mimi nitakunywa tone tu."

Tone la Bi Mahjuba lingeweza kujaza kisima. Alikunywa glasi tatu, akaomba mnanaa uongezwe, akauliza kama hakuna kipande cha mkate cha kusindikizia. Akimaliza anashika magoti yake mabovu, anashuka ngazi akiguna, na mlangoni anageuka: "Umejisumbua bure, mwanangu. Nilikwambia usijisumbue."

Kila Widadi alipoyasikia maneno hayo alihisi kama mtu anamkuna kwa msasa.

Siku moja asubuhi, shoga yake Sukaina alimwita kutoka dari ya nyumba ya jirani.

"We Widadi! Njoo turuke kamba! Au umeshakuwa mke wa birika?"

"Nakuja sasa hivi!"

Hakuwa amepanda hata ngazi ya tatu, akasikia: ko-ko-ko.

Alifungua mlango kidogo tu, uso ukatokea nusu. Bi Mahjuba alikuwa amesimama na pande la sukari kwapani.

"Amani iwe kwako, mwanangu. Mama ameamkaje? Usijisumbue, mimi nita—"

"Mama hayupo," Widadi alisema.

Neno lilitoka lenyewe, kama mbegu ya tunda inavyoteleza mdomoni.

"Hayupo? Na mguu ule?"

"Mjomba Idrisi alikuja na gari alfajiri. Amempeleka Fes, akapumzike kwake mpaka apone."

"Alhamdulillahi. Fes kuna madaktari." Bi Mahjuba akamwangalia. "Na wewe unakaa na nani?"

Hilo Widadi hakulifikiria. "Na shangazi. Amekuja kutoka kijijini. Yuko ndani, amelala."

"Saa hizi?"

"Amechoka na safari."

"Haya. Mwache alale, maskini." Bi Mahjuba akampa ile sukari, akageuka, akaenda zake akishika ukuta.

Widadi alifunga mlango, akaegemea. Miguu ilikuwa myepesi. Akaruka kamba mpaka adhuhuri. Siku hizo simu ilikuwa moja, ya duka la mwisho wa kichochoro, kwa hiyo habari zilitembea kwa mdomo. Kufika alasiri, mtaa mzima ulijua kwamba Batuli amekwenda Fes. Hakuna aliyegonga. Glasi zilikaa kwenye sinia, safi, zinang'aa.

Jioni mama aliuliza, "Leo hakuja mtu?"

"Hakuja mtu, mama."

"Hata Mahjuba?"

"Hata yeye."

Mama akaendelea kuzungusha uzi kwenye sindano.

Kesho yake mlango uligongwa. Alikuwa Bi Yamna wa nyumba ya kona, ameshika sahani ya kuskusi iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Shika, binti. Mama yako akisafiri sisi ndio mama zako. Shangazi ameamka?"

"Amelala."

"Huyo shangazi wa kulala hivi, wa ukoo gani? Kobe?" Bi Yamna akacheka, akaenda zake.

Jioni likaja bakuli la supu ya dengu kutoka kwa Bi Mahjuba, na kesho yake chapati za mafuta, kisha samaki wa kukaanga. Mtaa ulikuwa umeamua. Mama hayupo na shangazi ni mlalaji, basi mtoto atalishwa. Widadi alitaka kukataa, lakini kukataa sahani ya jirani ni tusi. Na kuirudisha tupu ni aibu, maana sahani iliyokuja na chakula hurudi na chakula. Angeirudisha na nini? Na akiulizwa nani aliyepika, atasema nini? Basi kila sahani aliiosha na kuificha chini ya ngazi, nyuma ya gunia la unga.

Chakula alimpelekea mama.

"Nimepika mimi," alisema.

Mama alionja supu ya dengu. Akafumba macho, akaonja tena. "Nani alikufundisha kutia samli iliyokaa miezi namna hii? Hii ladha kama ya mkono wa Mahjuba."

"Nilimwona akipika siku moja."

"Mwanangu amekuwa mkubwa," mama alisema, akampapasa shavu. "Mungu akuzidishie."

Usiku huo Widadi hakula. Alisema tumbo limejaa. Kweli lilikuwa limejaa, ila si kwa chakula.

Siku zilivyokwenda, mama alipunguza kushona. Kikapu cha hariri kilikaa pembeni ya kitanda, uzi wa buluu umeachwa katikati ya kifungo. Mchana mmoja Widadi alipanda na maji akamkuta ameelekea ukutani.

"Mama, mguu unauma?"

"Mguu hauumi."

"Sasa?"

Mama akasema, bado ameelekea ukutani, "Mahjuba alipopasuliwa nyongo, nilikwenda kwake kila siku. Nilimwosha nywele. Yamna alipofiwa, nililala kwake mpaka matanga yalipokwisha. Najiuliza nimewakosea nini. Labda nilisema neno. Nawaza usiku kucha, silikumbuki."

Widadi aliweka glasi ya maji chini. Alifungua mdomo aseme. Ulimi ukamganda. Akashuka, akakaa chini ya ngazi mbele ya gunia la unga, akazitazama zile sahani. Kila moja aliijua ni ya nani.

Alasiri, ko-ko-ko.

Bi Mahjuba alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuamua. "Kesho nakwenda Fes kumwona mama yako."

"Fes?"

"Ndiyo, Fes. Batuli alinipikia wakati mimi siwezi kusimama. Nikae hapa ninywe chai, yeye yuko peke yake kwa watu wa mji? Nyumba ya mjomba wako iko mtaa gani?"

"Sijui... Iko mbali, Bi Mahjuba. Na magoti yako?"

"Magoti yatanisamehe. Kama hujui mtaa, nitauliza. Mwenye mdomo hapotei." Akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Kuna neno unataka kumwambia mama?"

"Hapana," Widadi alisema, akafunga mlango.

Asubuhi aliamka na aibu yake, ikiwa nzito kuliko alivyolala nayo. Alimwona Bi Mahjuba akilini: mzee yule, magoti yale, anabisha hodi nyumba hadi nyumba katika vichochoro vya Fes, anaulizia mgonjwa ambaye amelala nyumba ya pili kutoka kwake. Mjomba Idrisi alikuwapo kweli, lakini nani angempata katika mji ule? Widadi hakuvaa hata viatu vya kutokea. Alikwenda na kandambili zake za uani mpaka kwa Bi Mahjuba. Mlango ulikuwa na kufuli.

Akakimbia. Alipita soko la mboga, akavuka daraja, watu wakampigia kelele, "We mtoto, nani anakufukuza?" Alifika kituo cha magari anahema.

Uzuri wa teksi za Fes ni kwamba haziondoki mpaka zijae. Gari moja kuukuu lilikuwa limesimama, nafasi moja bado, na dereva anaita, "Fes, mmoja! Fes, mmoja tu!" Kiti cha nyuma, amebanwa dirishani, alikaa Bi Mahjuba. Pande la sukari lilikuwa mapajani, na kapu la jogoo juu ya sukari.

"Bi Mahjuba! Shuka!"

"Kuna nini? Mama yako—"

"Mama hayuko Fes."

Gari zima likanyamaza, hata jogoo.

"Yuko nyumbani," Widadi alisema, machozi yakimtoka. "Yuko juu, chumba cha nyuma. Hajaenda popote. Hakuna shangazi. Nilidanganya kwa sababu... kwa sababu ya chai."

Bi Mahjuba alimtazama. Afadhali angefoka. Hata angemtandika kofi, Widadi angeona nafuu. Lakini alimtazama tu.

"Mama, unashuka au unabaki?" dereva akauliza. "Jogoo wako ameshamchafua mteja kanzu."

"Nashuka," Bi Mahjuba alisema. "Nishike mkono, we mtoto."

Walirudi polepole, Bi Mahjuba amemwegemea njia nzima. Bi Mahjuba alipanda ngazi ya nyumba ya Batuli akiguna, akasukuma mlango wa chumba cha nyuma.

Batuli aligeuka kutoka ukutani. "Leo umekumbuka kwamba nipo?"

"Mimi ndiye niliyesahau?" Bi Mahjuba akaweka kapu chini. "Nimekutafuta mpaka kwenye teksi, na jogoo mapajani. Muulize mwanao."

Widadi alisimama mlangoni. Safari hii hakungoja ulimi ugande. Alisema yote, tangu kamba ya Sukaina mpaka teksi.

"Na ile kuskusi uliyopika?" mama aliuliza.

"Ya Bi Yamna."

"Na supu?"

Widadi akamnyooshea kidole Bi Mahjuba.

"Nilijua," mama alisema polepole. "Ulimi wangu haukunidanganya. Aliyenidanganya ni wewe." Akafuta macho kwa ncha ya shuka. "Nimelala hapa nikihesabu makosa yangu kwa watu, kumbe kosa ni lako, umelificha mfukoni. Nenda kalete hizo sahani."

Adhabu yake haikuwa fimbo. Mama alimwelekeza kutoka kitandani jinsi ya kukanda unga na kukaanga maandazi ya duara. Widadi aliungua kidole, hakulalamika. Kisha akajaza kila sahani na kuipeleka kwa mwenyewe, na kila mlango aliambiwa aeleze kwa kinywa chake kwa nini imechelewa. Bi Yamna hakumrahisishia.

"Nilimwombea mama yako usalama wa safari," alisema, mikono kiunoni. "Kumbe naombea hewa! Na yule shangazi nilikuwa nishaanza kumhurumia." Alichukua andazi moja, akalitafuna huku anamtazama. "Chumvi imezidi. Lakini umekuja. Mwambie mama nakuja leo."

"Njoo, Bi Yamna. Karibu sana."

Alasiri ile, ko-ko-ko. Widadi alifungua mlango wote, si nusu.

"Usijisumbue, mwanangu," Bi Mahjuba alianza. "Mimi nitakunywa tone—"

"Bi Mahjuba, leo nimechoka," Widadi alisema, sauti ndogo. "Mikono inaniuma na kidole kimeungua. Naomba unisamehe, chai siwezi."

Mjane akakunja mikono ya kanzu yake.

"Pisha," alisema, akaingia jikoni. Alitia maji birikani, akachambua mnanaa, akasuuza glasi mwenyewe. Baadaye walipokuwa wote juu, Batuli anashona kifungo cha buluu alichokuwa amekiacha katikati, Bi Mahjuba alimmiminia Widadi glasi ya kwanza, kutoka juu, povu likasimama.

"Sikiliza wewe," alisema. "Mimi ni mzee, nachosha, najua. Na nyumba yangu ni kimya, ndiyo maana nagonga sana. Sasa tutakuja baada ya alasiri tu, na anayekuja atapika chai yake mwenyewe. Ona lilivyokuwa jambo dogo. Ungesema 'nimechoka' siku ile, lingekwisha pale pale mlangoni. Wewe ukasema 'mama hayupo', na kweli ukamfanya asiwepo. Ulimwondoa mama yako kwetu, na sisi ukatuondoa kwake, na yeye amelala hapa hapa. Mgeni akikuchosha, mwambie umechoka. Atanuna siku moja, basi. Lakini usimdanganye mtu aliyekuja kwa mapenzi."

"Nimesikia, Bi Mahjuba."

"Kunywa basi," mjane alisema. "Tone tu."