Makofi Penye Kimya

Kila alasiri Chiriku aliporudi kutoka shuleni, alivirusha viatu vyake mlangoni, kimoja huku, kingine kule, kisha akaingia ndani akisimulia habari za siku nzima bila kuangalia kama kuna mtu wa kumsikiliza. Ndiyo maana nyumbani walimpa jina la ndege yule mwenye kelele. Mama yake, aliyekuwa akifanya zamu ya asubuhi katika kiwanda cha mikate, alitoka jikoni, akaviokota viatu kabla hata ya kuitikia salamu, akaenda kuviweka uvunguni mwa kitanda.

"Mama, si ningeviondoa mwenyewe!"

"Ungeviondoa lini? Nimekwambia mara ngapi, viatu havikai mlangoni katika nyumba hii."

Chiriku alidhani mama yake anapenda usafi kupita kiasi, basi. Alikula harakaharaka, akakimbilia kwa Mjomba.

Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya gundi, na siku zote palikuwa na kochi lililovuliwa kitambaa, limebaki mbao na springi tu. Gitaa lake lilining'inia ukutani, juu kabisa, mahali ambapo vumbi la sponji halikulifikia. Zamani, kabla Chiriku hajazaliwa, Mjomba alikuwa na bendi ya roki pamoja na rafiki zake. Ilikuwa bendi ndogo isiyo na kampuni wala meneja. Walijirekodia nyimbo zao humo humo karakanani, wakiegemeza sponji ukutani ili kelele za barabarani zisiingie.

Wimbo mmoja kati ya hizo ulimteka Chiriku tangu siku alipousikia. Siku ya Wazazi ilikuwa inakaribia, na alitaka kuupiga jukwaani.

Mjomba aliishusha nyundo yake.

"Huo hasa?" aliuliza.

"Huo huo, Mjomba. Nifundishe, tafadhali."

"Ngoja kwanza nizungumze na mama yako."

Alizungumza naye. Kesho yake alilishusha gitaa, akalipangusa, akamkalisha Chiriku juu ya kochi la mbao. "Nitakufundisha," alisema, "ila kwa sharti moja. Vidole vikishazoea, tutakaa chini nikueleze maneno yake. Wimbo huu haufai kuimbwa na mtu asiyejua anaimba nini. Mama yako amekubali kuja kuusikiliza kwa sababu nimemwahidi hivyo."

"Sawa, Mjomba," alijibu Chiriku, macho yakiwa kwenye nyuzi.

Vidole ndivyo vilivyompa taabu. Palikuwa na mahali ambapo kidole cha shahada kilipaswa kulala na kubana nyuzi zote sita kwa pamoja, na kila alipojaribu, gitaa lilitoa mlio wa kopo. Ncha za vidole zilimwuma hadi akashindwa kushika daftari vizuri darasani. Hata hivyo hakukata tamaa, na hapa lazima tumsifu. Siku ile nyuzi zote zilipolia sawasawa, aliruka kwa furaha hadi Mjomba akajisahau na kucheka.

Maneno yenyewe yalikuwa machache:

*Viatu vyako viko mlangoni,*
*nikifagia navizunguka.*
*Wakiniuliza nasema kesho,*
*kesho nitavitoa.*

Baada ya hapo muziki wote ulinyamaza. Gitaa lilikoma, sauti ilikoma, na Mjomba alihesabu kwa midomo tu, moja, mbili, tatu, nne. Ndipo wimbo uliendelea:

*Uliacha mlango wazi,*
*na mimi sijaufunga.*

"Sasa keti vizuri tuongee habari ya maneno," alisema Mjomba alasiri moja.

Lakini nje Kipara, mwenzake Chiriku wa dawati moja, alikuwa akimpigia mluzi waende uwanjani. Kusikiliza maelezo ya wakubwa ni kazi ndefu, na Chiriku aliijua kazi hiyo.

"Nimeshayaelewa, Mjomba," alisema.

"Umeyaelewa? Una hakika?"

"Kabisa! Mbona ni rahisi."

Mjomba alimtazama usoni. Alionekana kushangaa kidogo, na pia kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakuwa na hamu ya kuubeba. "Basi vizuri," alisema polepole. "Nenda ukacheze."

Chiriku hakuwa ameelewa chochote. Njiani Kipara alimwuliza, "Kwani huo wimbo unahusu nini? Na kwa nini unakatika katikati kama redio iliyoishiwa betri?"

"Unamsema mtu mchafu," Chiriku alijibu bila kufikiri. "Anatupatupa viatu, hafungi mlango. Kama Mama anavyonisema mimi! Na pale panapokatika nadhani walisahau kujaza. Unajua nini? Nyinyi mtapiga makofi pale. Mpige manne, kwa nguvu!"

"Umepatia!" alisema Kipara, na asubuhi iliyofuata alikuwa amekwisha kulipanga darasa zima.

Siku ya Wazazi ukumbi ulijaa. Mwalimu wa muziki alikuwa ametaka kila anayepanda jukwaani aeleze kwanza wimbo wake unasema nini. Chiriku alimwona Mjomba katika safu ya tatu, amevaa shati lililopigwa pasi. Pembeni yake alikuwa Mama, amekumbatia mkoba wake mapajani.

"Wimbo huu," Chiriku alisema kwenye kipaza sauti, "unamsuta mtu mvivu asiyepanga viatu vyake. Kama yupo humu ndani, ajirekebishe!"

Watu waliangua kicheko. Kicheko kilimpa moto, akaanza kupiga haraka kuliko alivyofundishwa. Vidole havikukosea hata mahali pamoja. Alipofika kwenye kimya, aliinua mkono, na darasa zima likapiga makofi, pa, pa, pa, pa! Wazazi nao walifurahi, wakajiunga.

Chiriku alitazama safu ya tatu ili aone Mama anavyocheka. Mama alikuwa amesimama. Aliomba njia kati ya magoti ya watu, akatoka nje bila kugeuka. Mjomba alibaki ameinamisha kichwa.

Wimbo ulipokwisha, ukumbi ulishangilia, lakini Chiriku hakuisikia shangwe ile. Alishuka mbio, akamkuta Mjomba kwenye baraza.

"Mjomba, Mama ana nini?"

"Uliniambia umeelewa," alisema Mjomba. Hakupaza sauti. Alilichukua gitaa lake, akaondoka nalo kumfuata dada yake.

Laiti angemgombeza. Chiriku alisimama pale barazani, watoto wakimpita na kumpongeza, na kila pongezi ilimchoma. Siku zilizofuata hakwenda karakanani kwa haya. Nyumbani Mama alimpikia, akamfulia sare, akamjibu kila alichouliza, ila hakumtajia wimbo ule. Chiriku naye akawa kimya, hata Kipara akamwuliza kama anaumwa.

Jumamosi asubuhi alishindwa kuvumilia. Alikwenda kwa Mjomba, akasimama kizingitini.

"Shikamoo, Mjomba. Nilikudanganya. Sikuwa nimeelewa. Nilitaka kwenda kucheza tu."

"Marahaba. Ingia."

Aliingia, ndipo akamwona Mama ameketi juu ya kochi jipya lisilovikwa kitambaa bado. Mjomba aliweka nyundo chini.

"Ile picha iliyo sebuleni kwenu, ya kijana mwenye vijiti mkononi, ni ya nani?"

"Ni ya mjomba mdogo. Aliyefariki."

"Alikuwa kitindamimba wetu. Ndiye aliyekuwa akipiga ngoma kwenye bendi. Siku moja alirudi nyumbani na homa kali, akavua viatu mlangoni, akalala. Alfajiri tulimbeba kwenda hospitali, na mtu anayebebwa havai viatu. Hakurudi. Viatu vikabaki pale pale."

Chiriku alihisi uso wake unawaka.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikifagia," alisema Mama. "Sikuweza kuvigusa. Mjomba wako akanitungia wimbo, wakaurekodi humu. Pale walipofika mahali pa ngoma, mpigaji hakuwepo. Wakaona wasimtafute mwingine. Wakamwachia nafasi yake."

Chiriku aliyakumbuka makofi, pa, pa, pa, pa, akaangua kilio. "Nisamehe, Mama. Sikujua."

"Najua hukujua. Kutojua si kosa, mwanangu. Ungesema tu, 'Mjomba, sijui,' ungepungukiwa nini? Ulisema unajua, naye akaacha kukueleza. Mimi nikaenda pale baada ya miaka yote hiyo, nimejikaza, nikiamini kwamba mwanangu anajua anachoniimbia." Mama alijifuta macho kwa upande wa khanga. "Nimekusamehe. Lakini sitasema haikuniuma, maana nami nitakuwa nakudanganya."

"Naweza kurudia siku ile, Mama?"

"Ile imekwisha kupita. Unaweza kuimba leo."

Mjomba alilishusha gitaa. Safari hii Chiriku alipiga polepole. Alipofika kwenye kimya, aliiondoa mikono yake kwenye nyuzi. Kwa nje lilisikika toroli likipita, kisha halikusikika tena. Hakuna aliyepiga kofi. Mama alifumba macho mpaka hesabu ya nne, halafu akaimba mstari uliofuata yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo iliyokwaruza.

Jumatatu, Chiriku aliomba ruhusa kwa mwalimu wa muziki, akasimama mbele ya darasa na kuwaeleza wenzake ukweli: kwamba alidai kujua asichokijua, na kwamba wao hawana kosa. Kipara aliitazama mikono yake, akaificha chini ya dawati.

Alasiri hiyo Chiriku alirudi nyumbani. Mama alisikia mlango, akatoka jikoni kama kawaida yake, ameshainama nusu kuokota. Mlangoni hapakuwa na kitu. Chiriku alikuwa amesimama ndani, amevishika viatu vyote viwili mkononi.

"Navipeleka uvunguni, Mama," alisema. "Shikamoo."

Mama alinyooka taratibu. "Marahaba, mwanangu," alijibu. "Haya, niambie. Leo shuleni kulikuwa na habari gani?"