Maji ya Povu Juu ya Ghorofa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rukaya alipanda ngazi za ghorofa lao, Handeni mjini, akiwa na ndoo kichwani. Ghorofa lenyewe halikuwa refu la kujivunia; mtu wa Dar es Salaam angesema ni nyumba ya kawaida iliyosimama kwa ncha za vidole. Lakini kule juu, kwenye paa la zege, palikuwa na kijani cha kukusahaulisha vumbi lote la chini. Mchicha, mnafu, nyanya na bilinganya vilistawi ndani ya viroba, matairi na hata sinki lililopasuka.

Bustani hiyo ilianzishwa na Bibi Hamisa, mpangaji mkongwe kuliko wote, na sasa wapangaji wote waliilima pamoja. Kwa kuwa maji ya Handeni yana maringo kuliko bibi harusi, walijiwekea desturi: maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga na ya kutawadhia yakingwe, yapandishwe juu. Maji ya sabuni, marufuku.

Viroba vya mchicha vilikuwa mikononi mwa Rukaya na rafiki yake Sipora. Rukaya alimwagilia, Sipora alileta samadi kutoka boma la babu yake, na kando alikuwa na miche yake mwenyewe ya nyanya.

Jumamosi moja Rukaya alikuta ndoo ya kukingia maji ni tupu. Pembeni lilikuwepo beseni alilofulia shati lake la shule, limejaa maji ya povu na dawa ya kutoa madoa.

"Maji ni maji," alijiambia, akayapandisha.

Jumatatu mchicha ulikuwa umelala kama wagonjwa wodini. Wapangaji wakakusanyika. Bwana Sufiani, fundi cherehani wa chumba cha chini, alichota udongo akaunusa.

"Samadi mbichi hii! Ninyi Wamasai, ng'ombe akikohoa tu mmeshazoa!"

Watu wakacheka. Mama Sipora hakucheka.

"Samadi yangu imekaa juani mpaka inavunjika kama biskuti."

"Basi mchicha umeuawa na nani? Jini? Kwa sasa, mama, familia yenu ikae kando na bustani."

Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Sipora akaokota koleo lake na gunia tupu. Alipopita karibu na Rukaya, akamnong'oneza, "Nyanya zangu utanimwagilia, eti?"

Rukaya akamsogelea fundi.

"Shikamoo, Bwana Sufiani," akatamka.

"Si umeshaniamkia sasa hivi?"

"Si samadi. Ni mimi. Nilimwagilia maji ya kufulia, yenye dawa."



"Kwa nini, mjukuu wangu?" Bibi Hamisa akauliza.

"Niliona uvivu kwenda bombani, bibi."

Bwana Sufiani alikohoa kidogo, kisha akamgeukia Mama Sipora. "Nisamehe, mama. Nimekata kitambaa kabla ya kupima."

"Na umenishonea kesi isiyonitosha," Mama Sipora akajibu. Safari hii walicheka wote, naye akiwamo.

Jioni hiyo Rukaya alimwaga udongo ulioharibika na kuanza kupandisha mwingine. Akamwona Sipora anamfuata na karai.

"Wewe huna kosa, kapumzike."

"Nikuache peke yako? Ukichoka si utaumwagilia mafuta ya taa!"

Wakapanda upya. Mchicha ulipokomaa, ulikuwa mnene wa kuwatia wivu wapita njia waliotazama juu. Bibi Hamisa alikata fungu la kwanza, akampa Mama Sipora. Kisha akawaita wasichana wote wawili, fungu la pili likiwa mkononi.

"Mchicha ukifa, tunapanda mwingine," alisema. "Lakini jirani akibebeshwa kosa lako nawe ukanyamaza, moyo wake huupandi tena. Rukaya, uvivu wako ulituharibia viroba. Ukweli wako umetuachia majirani. Haya, chukueni mkapike. Ukweli ni mtamu, ila haushibishi."