Kilo Mbili za Mboga

Ndugu zangu, wake kwa waume, nawaomba masikio yenu kidogo. Mimi ninayesema nanyi ndiye mnayeniita Mama Mboga, yule mwenye meza ya mbao pale kona, mkabala na kibaraza cha fundi makochi. Nimeuza nyanya na vitunguu hapo kwa miaka kumi na minne. Najua nyumba ipi inapika nini, na nani huzibonyeza nyanya zangu zote ili anunue mbili. Mengi huwa nayameza. Hili haliniteremki kooni, kwa sababu na mimi nimo ndani yake.

Asubuhi za mtaa wetu zilikuwa na sauti moja: nyundo ya fundi. Alikuwa akijaza misumari midogo mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa vidole viwili, na kuipigilia kwenye kitambaa cha kochi. Ko-ko, ko-ko. Nami nilipanga nyanya zangu kwa mdundo huohuo. Baadaye mkewe angetoka na chai, na utani ungeanza.

"Fundi wa makochi ya watu," angesema, "kwake tunakalia viti vya plastiki."

"Subiri, mke wangu. Lako liko njiani."

"Njia gani hiyo ya miaka ishirini?"

Mtaa mzima ulicheka, na fundi alicheka zaidi, misumari ikiwa bado mdomoni. Mwaka ule, kwa kweli, alikuwa amelianza. Mbao za kochi la mkewe zilikuwa zimesimama kwenye kona ya kibaraza, na mkono mmoja wa kochi ulikwishavikwa kitambaa cha bluu. Nyumba ilikuwa na amani.

Kisha fundi akaanza kuumwa kichwa kila asubuhi. Mkewe akamwambia waende wote hospitali.

"Mimi si mtoto wa kushikwa mkono," akajibu, akaenda peke yake, tena mbiombio, maana kulikuwa na mteja anayesubiri kochi lake.

Daktari alimpima, akamwambia presha yake iko juu na sukari inakaribia kuwa mbaya. Akampa dawa. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, kwa hiyo maneno mengine aliyasema kwa ufupi: "Wali na mkate kidogo, mboga kwa wingi. Umeelewa?"

"Nimeelewa," akasema fundi.

Lishikeni neno hilo, ndugu zangu. Nimeelewa.

Alirudi nyumbani akitabasamu. Mkewe akauliza daktari kasemaje.

"Wali kidogo, mboga kwa wingi."

"Mboga kwa wingi? Amesema hivyo?"

"Kwa kinywa chake."

"Basi madaktari wa siku hizi wana huruma," akasema mkewe, akachukua kikapu.

Usicheke bado. Kwako wewe je? Mtoto akirudi kutoka shule akauliza, "Mboga gani leo?" ukamjibu, "Samaki," kuna anayesimama kukwambia kwamba samaki si mboga? Kwetu, kinachoteremsha wali ndicho mboga. Na katika nyumba ya fundi, tangu walipooana, mboga ilikuwa nyama ya ng'ombe. Majani walimwachia mbuzi.

Siku chache baadaye mkewe alipita mezani kwangu na kikapu kimejaa.

"Jirani," nikamwita, "leo hata hunitazami?"

"Nipe kitunguu kimoja. Mboga ninayo, kilo mbili. Mzee ameandikiwa na daktari ale kwa wingi."

Kilo mbili. Mimi niliyekaa na mboga umri huu wote! Mboga za majani huuzwa kwa fungu. Katika mtaa wetu, mizani ya kilo iko kwa mtu mmoja tu, naye ni muuza nyama. Ningeuliza neno moja tu, hadithi hii isingekuwepo. Lakini moyo wangu ulikuwa ukichomeka kwa jambo jingine kabisa. Nilidhani ameniacha mimi, akaenda kununua mboga kwa yule mama wa mtaa wa pili mwenye mwavuli mwekundu. Mimi ambaye kila mara nilimwongezea hoho la bure!

Nikamkabidhi kitunguu chake bila kumtazama. Nikanuna. Wiki hiyo nikanuna, na iliyofuata pia. Nilinuna miezi mitatu, na kila Jumamosi kikapu kilipita mbele ya macho yangu kikiwa kizito, na fundi akazidi kunenepa, na nyundo yake ikazidi kupumzika.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Jumanne moja, kama saa nne asubuhi, mdundo ulikatika. Nikainua macho. Fundi alikuwa amesimama mbele ya kochi, na misumari ilikuwa ikimdondoka mdomoni. Mmoja, mwingine, halafu yote. Upande mmoja wa midomo ulikuwa umelegea. Alijaribu kuinama aiokote, mkono wa kulia ukagoma, akaanguka juu ya godoro la sponji.

Sikumbuki nilivukaje barabara. Nyanya nilizimwaga, hilo nalijua, kwa sababu jioni nilizikuta zimekanyagwa. Mteja mmoja alitupakia kwenye gari lake, mimi, mkewe na fundi, tukamkimbiza hospitali.

Daktari alikuwa yuleyule. Alipomaliza kumhudumia alitoka akatuambia ni kiharusi, ila Mungu amesaidia amefikishwa mapema. Kisha akamgeukia mke, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya kuchoka.

"Mama, nilimwambia ale mboga."

"Amekula, daktari. Mchana na jioni. Hajakosa hata siku moja."

"Mboga gani?"

"Ya ng'ombe."

Nesi aliyekuwa akipita na faili alisimama. Mimi zile kilo mbili zilinirudia zote kwa pamoja, zikanikaa kifuani.

"Na chumvi?" akauliza daktari polepole.

"Mboga bila chumvi italika vipi?" akasema mkewe. Hapo ndipo alipoutazama uso wa daktari, akaelewa. Aliweka khanga mdomoni. "Nimemlisha mwenyewe," akasema. "Nimemlisha kwa mkono wangu mwenyewe."

"Hata mimi nilipaswa kumuuliza zaidi," akasema daktari. "Niliridhika na 'nimeelewa' yake."

Fundi alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Ulimi ulikuwa mzito lakini maneno yalisikika. Mkono wa kulia ulikaa mapajani kama mgeni. Binti yao mkubwa, ambaye ni mpishi kwenye kantini ya chuo katika mji mwingine, aliomba ruhusa akaja. Asubuhi ya pili alifika mezani kwangu.

"Shikamoo, mama. Nataka nyanya zilizoiva lakini ngumu, matango mawili, hoho, kitunguu chekundu na limau."

"Marahaba, mwanangu. Unapika nini?"

"Sipiki. Nachanganya."

Nilibeba vitu vile mwenyewe hadi jikoni kwao. Sikualikwa. Dhamiri ndiyo iliyonisukuma.

Yule binti ana mikono ya kazi. Dengu alikuwa ameziloweka tangu jana yake, akazichemsha bila chumvi hadi zikalainika. "Hizi ndizo zitakazomshibisha," alisema. Nyanya alizikata vipande vikubwa, si vile vya kusagika. Matango aliyakata manene. Kitunguu alikikata pete nyembamba, akazitumbukiza kwenye maji ya limau zipunguze ukali. Alikuwa amekuja na zeituni nyeusi na kipande cha jibini nyeupe kutoka kantini, na vyote viwili alivikalisha kwenye maji nusu saa, akamwaga, akaweka maji mengine.

"Mbona unaviosha kama nguo?" akauliza mama yake.

"Vina chumvi nyingi, mama. Ukila bila kuosha, umehama kwa ng'ombe ukahamia baharini."

Akachanganya kwenye bakuli kubwa, akamwagia mafuta ya zeituni na limau, kisha akasugua majani makavu ya oregano, kiungo cha Wagiriki, katikati ya viganja juu yake, jikoni kukanukia vizuri. Jibini aliimomonyoa mwisho. Mama yake, kwa mazoea ya miaka, alinyoosha mkono kwenye kopo la chumvi. Binti akaufunika mkono ule kwa wake, taratibu.

Tukampelekea fundi, tukampakulia sahani. Alilitazama bakuli, akatutazama sisi.

"Hii inaitwaje?"

"Saladi ya Kigiriki, baba."

"Wagiriki... wana mbuzi wengi?"

"Kula, baba."

Alishika uma kwa mkono wa kushoto. Zeituni ya kwanza ilimkimbia ikazunguka sahani nzima, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipoipata, alitafuna. Akala dengu, akala tango, akala jibini. Alikula robo ya sahani kwa utulivu. Kisha akaweka uma chini, akachungulia ndani ya bakuli, akauliza kwa unyoofu kabisa:

"Sasa mboga iko wapi?"

Kicheko cha mkewe kilimtoka kabla hajakizuia, na kabla hakijaisha kikageuka kilio. "Hiyo ndiyo mboga, mume wangu," akasema. "Hiyo ndiyo mboga aliyoisema daktari. Tangu siku ile."

Fundi aliinama juu ya sahani. Alitazama nyanya, kisha mkono wake wa kulia. "Kumbe sikuelewa," akasema.

Pale nilishindwa kujizuia. Niliwaambia yote: kilo mbili, mwavuli mwekundu, kununa kwangu. Mkewe alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Sikujua. Niliona kitu si sawa, nikanuna badala ya kuuliza."

Akainuka, akarudi jikoni. Wiki mbili zilizofuata alinunua nyanya kwa yule mama mwenye mwavuli mwekundu, safari hii kwa kweli. Nilistahili. Wiki ya tatu alikuja, akasimama mbele ya meza yangu, akasema, "Nipe mboga." Nikamuuliza, "Mboga gani, jirani?" Akanitajia moja moja kwa majina, nyanya, tango, hoho, kitunguu, nami nikazipokea zile sauti kama msamaha, ingawa neno msamaha hakulitaja.

Sasa ni mwaka. Presha ya fundi imeshuka. Mkewe huenda naye kliniki, na daktari akimaliza kusema, fundi huyarudia maneno yake yote kwa sauti hadi foleni inaguna. Bakuli lile liko mezani karibu kila siku. Bado hulalamika. "Nimeshiba," husema, "ila sijui nimeshiba nini." Lakini mkono wa kulia haukurudi. Wateja wengi walihamia kwa mafundi wengine, na viti vya plastiki viliongezeka kuuzwa mtaani.

Kochi la mkewe ndilo alilolimaliza. Lilimchukua miezi saba kwa mkono wa kushoto, mkewe akimshikilia kila msumari. Mkono wa kulia wa kochi, ule aliouvika alipokuwa mzima, umenyooka kama mstari wa rula. Mkono wa kushoto misumari yake imekwenda kombo, na kitambaa kina mikunjo. Fundi mwenzake alijitolea kuunyoosha bila malipo.

"Usiuguse," akasema mkewe.

Hukaa upande huohuo wenye misumari ya kombo.

FUNZO

Ndugu zangu, msiseme nyama ndiyo iliyomwangusha fundi. Nyama ilitumwa tu. Kilichomwangusha ni "nimeelewa" ya mtu asiyeelewa, na haraka ya daktari, na mke aliyeacha mgonjwa aende peke yake, na jirani aliyenuna. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Usimwache mgonjwa wako aende hospitali peke yake kwa sababu ni mtu mzima. Masikio ya mgonjwa husikia yale anayoyapenda. Daktari akikuuliza umeelewa, usimjibu ndiyo. Mrudishie alichosema, aone mwenyewe umeelewa nini.

Nawe jirani, ukiona kikapu kimepita kinyume na ulivyozoea, usinune. Uliza. Mimi nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, "mboga gani?", na kila nikiitazama ile misumari ya kombo najua bei ya kutoyasema.