Kodiani Iliyofungwa Mikanda

Ijumaa ile soko kongwe la Balad, mjini Jeddah, lilikuwa limefurika watu. Wapagazi walisukuma mikokoteni wakipaza sauti, "Yalla, yalla!", wauza ubani walifukiza vichochoro vizima, na Zephania Nyakundi alikuwa akitembea ameukumbatia ukuta asije akamgusa mtu. Jamani, mtu mzima wa miaka thelathini na nne, fundi wa mashine za hospitali, ametumwa kutoka Riyadh aje kuwatengenezea wenzake wa Jeddah zilizowashinda, na anatembea kama aliyeiba! Lakini ndivyo alivyokuwa. Aliogopa watu, na zaidi ya yote aliogopa kusikiwa na watu.

Ndipo aliposikia kodiani ikilia.

Sauti ilitoka kwenye duka la vitu kuukuu. Katikati ya redio mbovu na mabirika ya shaba alisimama mwanamke mwenye abaya ya kijani kibichi na raba nyeupe, mtandio umemteleza mabegani, nywele zake fupi zimetiwa hina. Kodiani nyekundu ilikuwa kifuani pake, naye aliivuta na kuisukuma huku mabega yakicheza. Mwenye duka alikuwa akitabasamu hadi masikioni. Zephania alisahau kwamba yeye ni mwoga, akasimama mlangoni akiwa ameachama.

"Wewe Mkenya, funga mdomo, nzi wataingia," yule mwanamke akamwambia kwa Kiswahili.

"Umejuaje mimi ni Mkenya?"

"Nani mwingine huvaa jaketi kwenye jua hili?"

Zephania akacheka, akalivua jaketi. "Unapiga nini hicho?"

"Mwomboko. Hujawahi kuona wazee wa Murang'a wakicheza? Hatua mbili, halafu unainama. Baba yangu alikuwa akipiga kwenye harusi zote za kwetu."

"Mimi ni Mkisii."

"Pole sana, utapona," akasema, na vishimo viwili vikamtokea mashavuni.

Aliitwa Wairimu, muuguzi wa watoto njiti katika hospitali moja hapo Jeddah, na mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi mitatu arudi nyumbani. Alipoivua kodiani ili airudishe rafuni, Zephania alisikia mtu akisema, "Naichukua mimi. Nitajifunza. Utanifundisha kwa simu." Aligeuka kuona ni nani aliyesema maneno hayo, kumbe ni yeye mwenyewe.

Huko Riyadh, Zephania aliishi Malaz, kwenye fleti aliyochangia na Frankline, mtu wa maabara aliyefanya kazi usiku na kulala mchana. Kodiani ile ilikuwa na mikanda miwili ya ngozi, mmoja juu na mmoja chini, ya kuufunga mvukuto usifunguke. Mikanda ikiwa imefungwa unaweza kubonyeza vifungo hadi kesho, hakuna kitakacholia. Basi Zephania akaiacha ilivyo. Kila siku alitazama video alizotumiwa na Wairimu, akaigiza vidole vyake, bila sauti hata kidogo.

Alijiambia anamhurumia Frankline. Uongo mtupu! Alipokuwa darasa la sita, kwaya ya shule ikijiandaa kwa mashindano, mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake akamwambia, "Wewe Zephania, chezesha mdomo tu. Sauti yako itatuangusha." Kwaya ikashinda kikombe. Tangu siku hiyo Zephania amekuwa mtu wa kuchezesha mdomo: kanisani, mikutanoni, hata mbele ya Emmah, msichana aliyempenda miaka yote ya chuo bila kumwambia, kisha akaenda kumshangilia siku aliyoolewa na mwingine.

Na sasa alikuwa akimpenda Wairimu, tena vibaya sana.

"Mwanafunzi wangu, umekula?" Wairimu alimuuliza kila alasiri, Zephania akishatoka kazini.

"Nimekula, Mwalimu," alinong'ona.

"Mbona unanong'ona?"

"Frankline amelala."

"Huyo Frankline wako hulala kuliko watoto wangu wa wodini. Haya, mbona hii video ya vidole tu uliyonituma haina sauti?"

"Simu yangu ina shida."

"Shida gani na mimi nakusikia? Lakini vidole vyako vinakimbia, aki! Umenifurahisha. Zephania, nimekuzoea. Siku usipopiga simu sielewi nifanye nini na mikono yangu."

Zephania akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale ulimini. Akaufunga.

Mambo yakaenda hivyo hadi Frankline alipohamishiwa zamu ya mchana. Zephania, kwa mazoea ya uoga, akaendelea kunong'ona ndani ya nyumba tupu. Jumamosi moja asubuhi Wairimu akapiga simu, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Frankline yuko kazini, sivyo? Uliniambia mwenyewe jana."

"Ndiyo," alinong'ona.

"Sasa unaogopa kumwamsha nani?"

"Hakuna mtu."

"Tangu siku ile dukani sijakusikia ukiongea kama watu. Video huna sauti, simu huna sauti. Mimi si mtoto. Una mke hapo ndani?"

"Haki ya Mungu sina!" Hata kiapo kilimtoka kwa kunong'ona.

"Unaapa kwa kujificha! Sikiliza. Kama uko peke yako, piga hiyo kodiani sasa hivi. Kidogo tu. Nisikie."

Zephania akaiweka simu mezani, akaipakata kodiani. Kidole gumba kikagusa kishikizo cha mkanda. Akawaona darasa la sita wote wamesimama mstari, wanamtazama, wanangoja kucheka. Na akisikika vibaya? Na Wairimu naye akicheka kicheko kile?

"Siwezi," alisema.

"Halas, yameisha," Wairimu akajibu, na machozi yalisikika. "Mwambie mkeo namsalimia."

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikuingia, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Zephania akawa mtu wa kurekebisha mashine moja mara tatu. Kilichomtisha zaidi hakikuwa tena kusikiwa. Alizihesabu siku za mkataba wa Wairimu na kuona zinaisha, na akajiona atakavyobaki Malaz na mdomo wake uliofungwa, akisikia kwa watu kwamba Wairimu ameolewa Murang'a.

Ujumbe ukaja kutoka kwa Maryann, aliyeishi chumba kimoja na Wairimu. *Kaka, anaruka Jumamosi. Ijumaa tunamuaga kwa chakula hapa Kandara ya Jeddah, mkahawa wa Myemeni karibu na kituo cha basi. Mimi sijakuambia kitu.*

Alhamisi akapanda basi, kodiani mapajani safari nzima. Ijumaa alasiri akaingia mkahawani na shati lililokunjamana, macho mekundu. Wauguzi kumi wakageuka kumtazama. Wairimu alikuwa kichwani pa meza, amevaa gauni la kitenge cha manjano, abaya ameitundika kitini.

"Umekuja na mkeo?" akauliza.

Zephania alipoanza kufungua sanduku la kodiani, adhana ya alasiri ikaita. Myemeni mwenye mkahawa akashusha mlango wa chuma nusu, akamwashiria asubiri, akaenda kuswali. Hapakuwa na la kufanya ila kukaa. Akakaa dakika ishirini, uso kwa uso na Wairimu. Angeweza kuinama apite chini ya ule mlango, akimbie. Aliutazama mara tatu. Na bado akakaa.

Mlango ukainuliwa. Zephania akafungua mkanda wa juu, akafungua wa chini, akavuta.

Mungu wangu! Ilitoka sauti ya ndama aliyekanyagwa. Vidole vilikwenda mbio mahali pake hasa, lakini hakuna noti iliyofanana na wimbo, kwa sababu kodiani ya aina ile kifungo kimoja kina sauti mbili: ukivuta hii, ukisukuma ile. Yeye hakuwahi kuvuta wala kusukuma. Wauguzi wakaanguka mezani kwa kicheko. Maryann alilia machozi. Masikio yakamwaka moto Zephania, na kila kiungo chake kilitaka kuacha. Hakuacha. Akavuta tena, mbaya kuliko mwanzo.

Wairimu peke yake hakucheka. "Ulikuwa unafanya mazoezi mikanda imefungwa?"

"Ndiyo."

"Miezi mitatu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, Zephania?"

"Kwa sababu naogopa!" Alisema kwa nguvu mpaka Myemeni akatoka jikoni. "Sina mke. Sina mtu. Walinikataza kutoa sauti nikiwa mtoto na mimi nikatii hadi leo. Niliogopa utanisikia halafu utaniacha. Na sasa hivi naogopa, angalia mikono yangu!"

Mikono ilikuwa ikitetemeka kweli. Kicheko kikaisha mezani.

"Mimi nimekulia nyumba ya kelele," Wairimu akasema polepole. "Baba alipiga vibaya, alipiga vizuri, alipiga amelewa. Nyumba iliyonyamaza ndiyo inanitisha. Ulinitisha sana, wewe mwanamume."

"Nisamehe."

"Endelea basi. Umesafiri kutoka Riyadh kuniambia hayo tu?"

Zephania akamsogelea. "Nakupenda," akasema. "Nataka kuja Murang'a na wazee wangu, tumwone baba yako. Ukikubali."

Alikuwa amenong'ona. Wairimu akaegemeza kiwiko mezani, akatega sikio.

"Sijasikia."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Vishimo vilishamtokea mashavuni. Zephania akawaona wauguzi kumi, Myemeni na mwiko wake, wapita njia waliosimama mlangoni. Akavuta pumzi akasema yote tena, kila neno, kwa sauti iliyopasuka katikati na kufika hadi barabarani.

"Kuja," Wairimu akasema. "Kuja na kelele zako zote."