Mkono wa Pili wa Giok-bi

Kila asubuhi Giok-bi alianika nguo za vikaragosi uani. Joho la jemadari, gauni la binti mfalme, suruali ya mlevi. Zilikuwa nguo ndogo za kuvaliwa kiganjani, lakini zililowa jasho kama nguo za watu. Huku akianika, alikariri Kiingereza.

"The girls are singing," alimwambia jemadari. "My father is eating rice."

"Jemadari amechoka kusikia habari za wali," alisema mumewe, Tian-hok, akipuliza chai yake. "Mpikie basi, ale."

Tian-hok alikuwa fundi wa vikaragosi kama marehemu baba yake. Nyuma ya jukwaa aliitwa mkono wa kwanza. Yeye ndiye aliyewachezesha wakubwa wa hadithi na kutoa sauti zote. Giok-bi alikuwa mkono wa pili. Alichezesha askari, farasi na wapita njia, na alimpa mumewe kikaragosi kabla hajakiomba. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Kwenye kibao cha kikundi chao liliandikwa jina moja tu, la Tian-hok. Ndiyo ilikuwa desturi.

Shida ilikuwa watazamaji. Walipocheza hekaluni, mbele ya jukwaa alikaa Babu wa Ardhi, sanamu ya mungu wa kijiji aliyechezewa michezo hiyo, kwenye kiti chake cha enzi, pamoja na mbwa wawili waliokimbia jua. Watoto hawakuja. Jambo hilo lilimuuma sana Giok-bi. Alitaka kwenda shuleni kuwafundisha, maana kazi isiyo na watoto hufa na wazee wake. Wilaya ilikuwa inaandaa mafunzo ya walimu wa vikaragosi, lakini ilitaka cheti cha sekondari. Giok-bi aliacha shule akiwa na miaka kumi na miwili ili ashone nguo za vikaragosi. Sasa alisoma madarasa ya jioni ya watu wazima. Hesabu alifaulu. Historia alifaulu. Kiingereza kilimwangusha mara mbili. Mtihani wa tatu ulikuwa baada ya wiki tatu, na akianguka tena, mafunzo yangeanza bila yeye.

Mwalimu wao, Bi Siok-khim, alikuwa jirani yake. Alifuga bata nyumba ya tatu kutoka kwake. Jioni moja aliandika sentensi mpya ubaoni: "Our neighbour's old dog was sleeping." Maana yake, mbwa mzee wa jirani yetu alikuwa amelala.

"Pigeni mstari chini ya kirai kitenzi," alisema. "Kisha nionyesheni kitenzi kikuu na kitenzi kisaidizi."

Giok-bi alikwenda ubaoni bila wasiwasi. Alipiga mstari chini ya neno la tatu na la nne. "Kisaidizi ni old," alisema. "Kikuu ni dog."

"Yaani mzee anamsaidia mbwa?" aliuliza muuza tofu aliyeketi nyuma. Darasa zima likaangua kicheko.

Giok-bi alirudi kukaa, uso ukimwaka. Hakuuliza amekosea wapi. Baba mkwe wake ndiye aliyemfunza kazi, na fundisho lake lilikuwa moja: tazama, nyamaza, iga. Aliyeuliza aliambiwa hana macho.

Kesho yake mchana walicheza hekaluni. Mbele hapakuwa na mtu, ila Babu wa Ardhi na machungwa yake. Bi Siok-khim alikuja na mfuko wa mayai ya bata, akazunguka mpaka nyuma ya jukwaa. Akasimama hapo akitazama. Vikaragosi vilining'inia kwenye kamba, kila kimoja mahali pake. Giok-bi alinyoosha mkono bila kutazama. Wa tatu, farasi. Wa nne, jemadari. Hakukosea hata mara moja.

Mchezo ulipokwisha, mwalimu alicheka polepole.

"Dada, sasa nimekuelewa. Kiingereza nacho umekitundika kwenye kamba. Neno la tatu kisaidizi, la nne kikuu."

Giok-bi aliinamisha kichwa. "Kwenye kitabu ni hivyo. The girls are singing. La tatu na la nne."

"Kitabuni, ndiyo. Sentensi nyingine zinahama nyumba. Mbona hukuniuliza?"

"Kwetu hatuulizi, mwalimu."

"Mficha uchi hazai. Uliza."

Giok-bi alifumba macho, akajikaza. "Basi nitakijuaje kitenzi, kama hakikai mahali pamoja?"

Bi Siok-khim alikaa juu ya sanduku la ngoma. "Mtu anayekuja huku nyuma, atajuaje nani mkono wa kwanza?"

"Atazame nani anafanya lile tendo lenyewe. Jemadari akipigana, anayempiganisha ndiye wa kwanza."

"Tafuta hivyo hivyo. Yule mbwa alifanya nini?"

"Alilala. Sleeping."

"Hicho ndicho kikuu. Sasa, nani yuko naye, anatuambia ni lini?"

Giok-bi alifikiri. "Was. Ilikuwa zamani."

"Hicho kisaidizi. Ukiviweka pamoja, was sleeping, umepata kirai kitenzi. Wasaidizi wanaweza kuwa wawili. Has been sleeping. Tena kikuu kinaweza kuwa peke yake. The dog sleeps."

"Na nikimuuliza mtu swali?" Sasa Giok-bi alikuwa amefunguka, maswali yakamtoka kama maji. "Nimeona wanasema, Are the girls singing?"

"Msaidizi ametangulia mbele kufungua pazia. Wasichana wamesimama katikati. Lakini bado ni wale wale wawili, are na singing. Usidanganywe na umbali."

"Na hii? The dog is old. Hapa msaidizi yuko, mkubwa simwoni."

Mwalimu alimgeukia Tian-hok, aliyekuwa akikunja pazia na kujifanya hasikii. "Kaka, mwaka jana ulipopoteza sauti kwa mafua, nani alicheza mkono wa kwanza?"

"Huyu hapa," alijibu Tian-hok. "Na alijiona sana."

"Basi is naye ni hivyo. Akiwa na tendo lingine, anasaidia. Akiwa peke yake, kazi yote ni yake, yeye ndiye mkuu. Usitazame sura ya neno, tazama kazi yake."

Giok-bi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa joho la jemadari. Kwa wiki tatu aliuliza kila kitu. Aliuliza darasani, aliuliza bandani kwa bata, aliuliza kwenye foleni ya maziwa ya soya. Muuza tofu naye alianza kumuuliza yeye.

Siku ya mtihani ikaangukia siku ya mchezo hekaluni, na Babu wa Ardhi haahirishwi.

"Nenda," alisema Tian-hok. "Nina mikono miwili. Msaidizi ni msaidizi tu."

Jioni Giok-bi alimkuta mumewe kizingitini, jemadari mapajani, kichwa cha jemadari kimebonyea.

"Kulikoni, baba watoto?"

"Farasi hakuja. Jemadari amekwenda vitani kwa miguu, akamkuta binti mfalme amevaa suruali ya mlevi." Alikipapasa kichwa cha jemadari. "Kidole kimoja hakivunji chawa, mama watoto. Leo nimeona aibu mbele ya Babu. Mtihani je?"

"Kulikuwa na sentensi yenye mbwa," alisema Giok-bi. "Safari hii nilimwacha alale."

Alifaulu. Alipata cheti, akaingia mafunzoni, na mwaka uliofuata shule ya kijiji ikampa alasiri mbili kila wiki. Mwisho wa muhula watoto walijaa uwanjani. Muuza tofu alikosa pa kukaa. Siku hiyo mwalimu wa vikaragosi, Giok-bi mwenyewe, ndiye aliyetakiwa kucheza mkono wa kwanza, basi Tian-hok akasimama kushoto kwake, kwenye kamba. Kibao kilikuwa kimepakwa rangi upya. Kilikuwa na majina mawili, na Tian-hok ndiye aliyeyaandika.

Ngoma ilipigwa. Kabla Giok-bi hajanyoosha mkono, jemadari alikuwa tayari kiganjani mwake.

"Leo mimi ndiye was," alinong'ona mumewe.

"Basi tuambie ni lini," alijibu Giok-bi, "maana watoto wanasubiri."

Tian-hok akalivuta pazia, na mayowe ya watoto yakawafikia huko nyuma.