Siku ya Pili ya Kura

Kila siku baada ya kutoka skuli, Rahila hakwenda nyumbani moja kwa moja. Aliteremka kwa njia ya mawe hadi pwani ya Micheweni, akiwa bado na sare yake, akaenda kwenye chanja za kuanikia mwani za bibi yake, Bi Mwanapili, na wenziwe wa kikundi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuugeuza mwani uliokwisha kukauka upande mmoja. Kazi ya pili ilikuwa kuwasomea wanawake wale ujumbe ulioingia katika simu zao. Karibu wote walikuwa na simu. Wenye macho ya kusoma herufi ndogo walikuwa wachache, na wenye subira ya kuzisoma walikuwa wachache zaidi.

Kazi ya pili ndiyo aliyoipenda. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, yuko kidato cha kwanza, na hapakuwa na mahali pengine ambapo watu wazima walinyamaza ili yeye aseme. Aliwasomea habari za harusi, bei ya mwani na dawa za kila maradhi kwa sauti ile ile ya mtangazaji wa redio. Hakuna aliyemuuliza nani kaandika. Ilitosha kwamba imeandikwa.

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi wa rais, na siku ya kupiga kura iliangukia mwisho wa bamvua, yaani zile siku ambazo maji hupwa sana na kuyaacha wazi mashamba ya mwani. Mkulima asiyevuna siku hiyo hungoja mpaka bamvua jingine, na mwani uliokomaa haungoji. Hukatika ukachukuliwa na bahari. Wanawake walilalamika, na aliyelalamika zaidi ni Bi Mwanapili. Uchaguzi uliopita alikuwa amelazwa hospitali kwa maradhi ya mguu, kura ikampita. Kadi yake ya kupigia kura aliiweka sandukuni, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na vipuli vyake vya dhahabu, na alikwisha kuapa kwamba mara hii, akijaaliwa uhai, hataikosa.

"Wangetuwekea na siye siku yetu," alisema Bi Moza, mwenyekiti wa kikundi, huku akikung'uta mchanga kwenye kamba. "Wao wapige leo, siye wa mwani tupige kesho yake. Watapungukiwa na nini?"

Wanawake wakacheka. Rahila naye, kwa kuwa simu yake ilikuwa mkononi, akaandika katika grupu la ukoo kwamba wakulima wa mwani wanaomba siku yao ya kupiga kura. Jamaa wakamjibu kwa vikatuni vya kucheka, na jambo lile likapita.

Wiki iliyofuata simu ya Bi Moza ililia, na Rahila akasoma: "Tangazo kwa umma. Wakulima wote wa mwani Pemba watapiga kura siku ya pili ya uchaguzi, kwa sababu ya maji kupwa. Wajulishe na wenzako." Juu ya maneno hayo palikuwa na nembo ya Tume ya Uchaguzi.

Chanjani pakawa kama siku ya Idi. Bi Mwanapili alimshukuru Mungu, akasema kumbe wakubwa husikia, na pale pale akaamua: siku ya kura atavuna mwani wake raha mustarehe, na kesho yake ataoga, avae vizuri, aende kupiga kura bila ya haraka. Rahila hakuuliza kitu. Kabla ya magharibi alikuwa ameusambaza ujumbe ule kwa kila aliyemjua, na kwa wengi asiowajua.

Kesho yake katika kipindi cha Uraia alinyoosha mkono kabla ya kuulizwa. Mwalimu Abdulnasir, mtu aliyeweza kulinyamazisha darasa kwa kuvua miwani tu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Habari hiyo umeipata wapi?"

"Kwenye simu, Mwalimu."

"Simu haisemi yenyewe. Nani kasema?"

"Tume, Mwalimu. Ina nembo."

"Nembo hata mimi naweza kuibandika kwenye mkate wa mofa. Nani kakuletea wewe?"

"Wengi, Mwalimu. Imenijia kutoka magrupu matatu."

Darasa likacheka kidogo. Mwalimu alifumba macho kama mtu anayeumwa na jino.

"Chuoni kwenu mnakosoma Kurani," alisema, "maalimu akikusomesheni hadithi za Mtume, huanza na nini?"

"Huanza na wapokezi, Mwalimu. Fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani."

"Na silsila hiyo ya wapokezi ikikatika?"

"Hadithi huwa dhaifu."

"Basi unajua. Unajua kila kitu kinachohitajika, na hukukitumia hata kimoja. Magrupu matatu yaliyopokea kwa mtu mmoja ni mpokezi mmoja, Rahila. Njoo ofisini wakati wa mapumziko."

Ofisini Mwalimu alimpa kompyuta yake, akamwambia atafute mwenyewe. Rahila aliandika kama alivyotaka kuona: wakulima wa mwani kupiga kura siku ya pili. Mtandao ulijivuta, kisha ukamletea ujumbe ule ule, umenakiliwa katika ukurasa wa mtu anayeuza udi na manukato. Rahila akasema, "Huu hapa, Mwalimu." Mwalimu akamuuliza muuza udi amejuaje. Rahila akarudi kwenye matokeo. Akafungua video ya kijana anayepiga kelele ndani ya gari. Mwalimu akauliza kijana huyo ni nani, na jina halikuwapo. Akafungua ukurasa wa tatu, wenye nembo kubwa na maneno ya rasmi, akasema sasa amepata. Mwalimu alimwonyesha tarehe kwa ncha ya kalamu. Ulikuwa wa uchaguzi uliopita.

"Umeandika jibu halafu ukaliita swali," alisema. Uchovu ulisikika katika sauti yake. "Ukimtuma mtoto dukani akuletee uongo, atakuletea. Uliza upya. Usiseme mwani. Uliza siku ya kupiga kura ni ipi, na umuulize mwenye mamlaka ya kusema."

Ukutani palikuwa na bango la elimu ya mpiga kura, na chini yake anwani ya tovuti ya Tume. Rahila aliiandika herufi kwa herufi. Iliwalazimu kuipeleka kompyuta dirishani ili mtandao ushike, na waalimu wawili waliokuwa wakinywa chai wakahamishwa viti vyao. Hatimaye tangazo likafunguka, lenye jina la Tume na tarehe ya mwaka ule. Kura ni siku moja. Waliotengewa kupiga mapema ni wale watakaokuwa kazini siku yenyewe, wakisimamia uchaguzi na ulinzi. Neno mwani halikuwamo.

Mwalimu hakutosheka. Aliichukua namba ya simu iliyokuwa katika tovuti ile ile, akaipigia ofisi ya uchaguzi ya wilaya. Ofisa aliyejibu alizungumza kama mtu aliyekwisha kuulizwa jambo hilo mpaka akachoka: mwani, uvuvi, karafuu, wote siku moja.

"Haya," Mwalimu alisema akikata simu. "Ukweli tumeupata. Silsila utaifuata wewe mwenyewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyeipitisha."

Jioni ile Rahila hakwenda chanjani. Alianza kwa mwenzake Kauthar, mmoja wa waliomletea ujumbe ule, ambaye alisema kapokea kwa kaka yake. Kaka yake Kauthar alimwona Rahila msumbufu, akamwambia habari njema haiulizwi cheti cha kuzaliwa, lakini mwishowe akasema kapokea kwa Bakar, dereva wa bodaboda. Rahila alishituka. Bakar alikuwa mtoto wa ami yake.

Alimkuta Bakar kwenye kijiwe cha bodaboda, ameegemea pikipiki yake, anakula muhogo wa kukaanga. Alipomuuliza kapokea kwa nani, Bakar aliangua kicheko mpaka akapaliwa.

"Yakhe, kwani weye hujui? Si nimepokea kwako."

Akamwonyesha. Ulikuwa ule ujumbe wa Rahila katika grupu la ukoo, kwamba wakulima wa mwani wanaomba siku yao. Bakar aliubadilisha maneno, akaongeza nembo, akawapelekea madereva wenziwe wacheke. Ulikuwa mzaha tu, alisema. Nani angeamini?

"Bibi kaamini," Rahila alisema. "Bibi atapoteza kura."

Bakar akaacha kutafuna.

Ingekuwa kusahihisha ni rahisi kama kukosea, hadithi hii ingeishia hapo. Rahila alituma ujumbe wa kukanusha kwa wote aliowapelekea mwanzo. Wengi hawakujibu. Mmoja alimuuliza nani kamlipa. Alipokwenda chanjani kuwaeleza wanawake, Bi Moza alisema tangazo la kwanza lilikuwa na nembo na hili la mtoto halina. Bi Mwanapili naye hakuinua kichwa katika kamba zake.

"Juzi umesema imeandikwa," alisema. "Leo wasema haikuandikwa. Nshike lipi?"

"Hili, Bibi. Nimeliona kwenye tovuti ya Tume."

"Na lile uliliona wapi? Si kwenye simu? Simu ni ile ile na mtoto ni yule yule." Akavuta kamba nyingine. "Mie ntapiga siku ya pili, kama ilivyosemwa. Niache nifunge mbegu zangu."

Rahila alitamani kuitupa simu baharini. Alikasirishwa na bibi yake, na Bakar, na kila aliyeandika "Alhamdulillahi" chini ya uongo bila ya kuuliza swali moja. Lakini kadiri alivyotafuta wa kumlaumu, ndivyo alivyojikuta anarudi kwenye kidole chake mwenyewe kilichobonyeza. Maneno yake hayakuwa na uzito tena. Alihitaji mashahidi.

Siku iliyofuata alikwenda chanjani na wawili. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Abdulnasir, aliyetembea mchangani na viatu vyake vya ngozi bila ya kulalamika. Wa pili alikuwa Bakar, ambaye angependelea kuwa mahali pengine popote. Mwalimu aliwaamkia kina mama kwa heshima, akaipigia ofisi ya wilaya, akaiweka simu juu ya chanja wote wasikie. Ofisa akarudia maneno yake. Kisha Mwalimu akamgeukia Bakar na kumwambia aseme.

Bakar alisema. Alisema kwa sauti ndogo, Bi Moza akamtaka akariri, akakariri. Bi Mwanapili ndiye aliyezungumza kwanza. Hakupiga kelele. Alimuuliza Bakar, naye mjukuu wake, kama pikipiki yake nzima.

"Nzima, Bibi."

"Basi siku ya kura, watu wakishasali alfajiri, uwe mlangoni kwangu. Utatupeleka mmoja mmoja kituoni, tupige mapema, kisha uturudishe pwani kabla maji hayajapwa. Mafuta yako. Na ujumbe wako uufute kwa ujumbe mwingine, uweke na jina lako."

"Jina langu, Bibi?"

"Lile la kwanza ulilitia jina la Tume. Hili utatia lako."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kura, kabla jua halijachomoza, Bakar alikuwa njiani akienda na kurudi, na wanawake wa kikundi walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo katika foleni. Bi Mwanapili alitoka kituoni na wino kidoleni, akakataa kushikwa mkono, akapanda pikipiki kwa ubavu. Maji yalipopwa aliwahi shamba lake. Alivuna mpaka bahari iliporudi, na wino haukutoka kwa maji ya chumvi.

Rahila alidhani yamekwisha.

Kesho yake asubuhi, yeye na bibi yake walipokuwa wakienda chanjani kuanika, walipita mbele ya skuli iliyokuwa kituo cha kura. Lango lilikuwa limefungwa. Mbele yake alikaa bi kizee mmoja wa kijiji cha mbali, kavaa buibui jipya, kadi yake ya kupigia kura kaishika kwa mikono miwili. Aliwaamkia, kisha akauliza kama wanaohusika na kura watachelewa kufika.

"Mjukuu wangu kansomea kwenye simu," alieleza. "Siye wa mwani ni leo."

Rahila alitazama chini. Hakumjua bibi yule wala mjukuu wake. Ujumbe ulikuwa umewafikia. Wa kukanusha haukuwafikia. Bi Mwanapili ndiye aliyeketi kando yake chini, akamwambia ukweli taratibu. Bibi yule hakulia. Aliifunga kadi yake kwenye ncha ya kanga, akasimama, akaondoka kwa njia aliyoijia.

Bi Mwanapili alimtazama mpaka akapotea.

"Yule angekuwa mie," alisema. "Mwalimu wako kakufunza kuuliza nani kasema, na ni vyema. Lakini sikiliza na hili. Mie sikudanganywa na Bakar peke yake. Neno lile lilinpendeza, nikalifungulia mlango bila ya kuliuliza limetoka wapi. Neno lisilokupendeza utalihoji mwenyewe, huna haja ya kufunzwa. Hilo linalokupendeza ndilo ulihoji mara mbili kabla hujalipeleka kwa mtu. Ukishalipeleka halirudi."

Chanjani wanawake walikuwa wameanza kazi. Simu ya Bi Moza ikalia, naye, kwa mazoea, akamnyooshea Rahila. Rahila alisoma kwanza kimya kimya, mpaka mwisho. Kisha akamuuliza Bi Moza ujumbe ule umetoka kwa nani. Bi Moza hakujua.

Rahila akamrudishia simu yake, akaenda kugeuza mwani.