Taulo la Gráinne

Rafiki yangu Noreen tulikuwa naye katika hoteli ya Dublin wanakowekwa wasio na nyumba. Kupika chumbani ni marufuku, kwa hiyo kila mama hupikia bafuni, akiziba chini ya mlango kwa taulo lililoloa ili harufu isitoke. Noreen alikitamani chumba chenye dirisha cha jirani yetu Gráinne, akaenda kumchongea kwa meneja kwamba anapika. Gráinne akafukuzwa nje kwenye mvua pamoja na kichanga chake.

“Nani kanichongea, Noreen?”

“Nijulie wapi, mwenzangu? Vitunguu vyako ndivyo vilivyokuchongea.”

Jioni Noreen alihamia humo, akatoka kununua maziwa. Aliporudi, taa haziwaki. Bafuni mafuta yalikuwa yanalia chwaa, na kichanga kinakohoa. Akausukuma mlango wa bafu, ukagoma. Akapapasa chini gizani, akagusa taulo lililoloa, na vidole upande wa pili vikilisokomeza lizibe vizuri.